Kiapo juu ya Meza ya Mdomo

Nilifika Kilwa Masoko kwenye hitma ya Bi Mgeni nikiwa nimechelewa, kwa kuwa basi la kutoka Lindi lilitushusha Nangurukuru jua likiwa limekwisha kupanda. Wanaume walikuwa wamejaa barazani na kisomo kimeanza. Nilipita uchochoroni hadi uani kwa wanawake, nikatoa shikamoo kwa waliostahili, nikavua viatu na kutafuta kazi ya kufanya, maana mtu mwenye kazi mkononi haulizwi maneno mengi. Nikapewa vitunguu. Mama mmoja aliyekuwa akikuna nazi akaniambia, "Katia pale, mwanangu, pale pana ubao." Nikageuka, nikaiona ile meza. Ilikuwa imesimama karibu na mapipa ya maji, miguu yake ya chuma imeshika kutu, mbao zake mbili zimepauka na kujaa alama za visu, na kipini chake kimoja cha buluu kimebaki. Cha pili kilikuwa kimevunjika na mahali pake wamefunga kamba.

"Meza gani hii ina ufa katikati," mama mwingine akalalamika. "Vitunguu vyote vinaishia chini."

"Aliyeitengeneza hakuwa na mke," akajibiwa. "Angekuwa naye, angeambiwa."

Walicheka, kisha wakakumbuka wako wapi wakapunguza sauti. Mimi nilikishika kile kipini nikakizungusha. Kilikuwa kigumu, kikalia, halafu zile mbao zikasogeleana mpaka ufa ukafumba. Mama wa nazi akaacha kukuna. "Ee! Kumbe ina mdomo!" Nikakata vitunguu. Machozi yalinitoka na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Nilifanya kazi kwa Bi Mgeni miaka kadhaa, lakini ninaoukumbuka sawasawa ni mwaka mmoja, ule wa kwanza. Mingine imechanganyika kama misumari ya saizi mbalimbali iliyomwagika sakafuni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba Pande na sikuendelea, na nilikuwa mtu wa kunyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema. Neno langu lilichukua muda kufika, na lilipofika wenzangu walikuwa wamekwisha kuhamia jambo jingine. Bi Mgeni alinichukua kwa sababu hiyo hiyo. Alisema msichana aliyekuwepo kabla yangu alizungumza na wateja mpaka wakasahau walichofuata dukani. Akanipa chumba nyuma ya duka, nusu yake kitanda changu na nusu mifuko ya saruji, hivyo shuka zangu zilikuwa na vumbi la kijivu siku zote, na nikikohoa alfajiri aliniita kutoka jikoni, "Umeamka, Saruji?" Na nilikula naye. Hilo sikulitegemea. Yeye tajiri wangu, mimi mtumishi wake, sinia moja: asubuhi mihogo ya nazi na chai ya tangawizi, mchana wali na samaki, na kila mara alinisogezea upande wa kichwa cha samaki kwa sababu, alisema, hapendi kula kitu kinachomtazama.

Duka letu lilikuwa la vifaa vya ujenzi, na lilitazamana na duka la Bwana Hemedi, ambalo nalo lilikuwa la vifaa vya ujenzi. Kilichowatenganisha ni barabara na talaka. Zamani walikuwa mume na mke, na duka lilikuwa moja. Walipoachana waligawana vyombo, wakagawana kuku, na mwisho wakagawana hata wafanyabiashara wa Kariakoo waliokuwa wakiwauzia mali: huyu wangu, yule wako, ili wasije wakakutana kwenye mlango mmoja wa ghala. Tangu hapo Bi Mgeni hakulitaja jina lake. Alimwita "wa ng'ambo". Walisemeshana kwa kupitia watu wengine, huku wakisikiana wazi. Asubuhi kivuli kilikuwa upande wetu, alasiri kilihamia kwake, na mafundi waliokaa kusubiri kazi walihama nacho. Nilikuja kugundua kwamba maoni yao pia yalihama na kivuli. Saruji iliyokuwa bora saa tatu asubuhi haikuwa bora tena saa kumi.

Mwaka huo korosho zilikuwa zimewalipa watu vizuri na kila mahali palikuwa na nyumba inayoinuka, na nyumba inataka milango. Bi Mgeni alikwenda Dar es Salaam akarudi na meza za mafundi, za kukunja. Kabla ya hapo seremala wa kwetu alibana ubao wake kati ya magoti, au alimwita mtu aushike. Meza hii ilikuwa na miguu ya chuma inayokunjika, na juu mbao mbili. Ukizungusha vipini, mbao zinasogeleana na kubana kile unachokikata, kisicheze. Siku hiyo hiyo mafundi wakaiita meza ya mdomo. Zetu zilikuwa na vipini vya buluu na stika ya nyota, alama ambayo Bi Mgeni aliichagua mwenyewe na kuilipia ibandikwe, ili watu wajue hii ni ya dukani kwake na haipatikani kwingine. Hatujamaliza kuzipanga barazani, wa ng'ambo naye akapanga zake. Vipini vya njano, stika ya chui.

Kazi yangu ikawa kuonyesha meza. Nilibana kipande cha mninga, nikakitikisa wakaona hakitikisiki, kisha nikapanda juu yake na kusimama. Sikutakiwa kusema lolote, na kwa hiyo niliipenda kazi ile. Nilikuwa mwepesi kama bua la mtama, meza haikulalamika. Upande wa pili Bwana Hemedi alionyesha yake mwenyewe, kwa maneno mengi.

"Ya buluu ina taya," mafundi walisema asubuhi, wakiwa kivulini kwetu. "Ile ya njano inabana kama kibogoyo."

Alasiri niliwasikia kutoka ng'ambo. "Hii ya njano ndiyo chuma. Ile ya bibi ni ya kukatia mkate."

"Somoe!" Bwana Hemedi aliniita siku moja, mimi nikiwa katikati ya barabara na ndoo ya maji. "Mwambie bibi yako chui wangu anaitafuna ile nyota!"

Bi Mgeni hakuinua kichwa kwenye mizani. "Somoe, mwambie nyota iko juu. Chui akirukia ataangusha meno yake ya bandia."

Sikumwambia yeyote kitu. Nilipeleka maji. Lakini nilicheka mpaka ndoo ikanimwagikia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka hadharani tangu nifike Masoko.

Halafu mdogo wake Fundi Chande akaumia. Chande alitengeneza milango na madirisha, mtu mrefu, mzito, mpole, aliyenunua kitu kwa kukizunguka kwanza kama anayechagua mbuzi wa akika. Mdogo wake, Saidi, alikuwa amenunua meza ya chui. Akiwa anapiga patasi kwenye fremu ya mlango, ile pini inayozuia mguu usikunjike iliteleza, meza ikapiga magoti, na fremu ikamwangukia mguuni. Alionekana njiani amefungwa kitambaa, anatembelea kisigino. Wiki iliyofuata Chande akaja kwetu. Ilikuwa asubuhi, na mafundi walikuwa upande wetu.

"Bi Mgeni, shikamoo."

"Marahaba, Chande. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea, anashukuru. Bi Mgeni, nataka kununua meza, maana kazi imenizidi. Ila nina swali. Hii na ile ya ng'ambo si moja?"

"Moja vipi? Vipini huvioni?"

"Vipini naviona. Nauliza chuma."

"Chande, bati la nyumba yako alikuuzia nani?"

"Wewe."

"Linavuja?"

"Halivuji."

"Basi."

Chande akaizunguka tena ile meza. Akainama, akainuka. "Basi niapie," akasema, kwa upole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

Msomaji wa mbali huenda asione uzito wa jambo hili. Kwetu mtu wa dukani akiapa kila dakika kiapo chake hakinunui hata kiberiti. Walimu wetu wa chuo cha Kurani walitufundisha tukiwa wadogo kwamba kuapa kwenye biashara kunauza mali na kuondoa baraka. Bi Mgeni hakuwa mtu wa kuapa. Kwa sababu hiyo kila aliyekuwa pale alijua kwamba akiapa, mambo yamekwisha. Nadhani angekataa. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa, na ninaamini alitaka kusema, "Kama huniamini, acha." Lakini ng'ambo Bwana Hemedi alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Muapie!" akasema kwa sauti, akicheka. "Muapie, bibi, kama unajua unachokiuza!"

Bi Mgeni akasimama. "Wallahi," akasema, "meza hii na ile hazikutoka mlango mmoja."

Bwana Hemedi akashusha mikono akaingia ndani. Chande akaitikia kwa kichwa, akalipa, akaikunja meza akaibeba begani, na siku ile tuliuza nyingine kabla kivuli hakijahama.

Masika yakaanza. Upepo wa chumvi na mvua za kila siku vilifanya kila kitu barazani kichubuke, na siku moja nikiwa naipangusa ile meza ya kuonyeshea, pembe ya stika ya nyota ilikuwa imenyanyuka. Nikataka kuibandika upya kwa mate. Chini yake palikuwa na jicho. Nikaivuta kidogo. Sikio, kisha madoa. Alikuwa ni chui, yule yule wa ng'ambo, amebandikwa kwanza, halafu nyota ikabandikwa juu yake. Mtu wa ghalani alikosea, akaona, akafunika. Ina maana meza zote zilikuwa rundo moja, na mtu mmoja akiwa na stika za maduka mawili mikononi. Niliirudisha ile pembe, nikaikandamiza kwa kidole gumba mpaka kidole kikauma.

Kwa siku kadhaa nilitembea nalo. Nilikuwa nikijua mambo mawili tu, lakini yalitosha kunizuia kula. Nikinyamaza, Chande atakuja kuangukiwa na mlango kama mdogo wake, na yeye alikuwa na kazi nzito kuliko Saidi. Nikisema, nitakuwa msichana wa Pande aliyemfanya tajiri wake kuwa muongo mbele ya Mungu na mbele ya mtalaka wake, na nitarudi nyumbani na mkeka wangu kwapani. Nilikipenda kile chumba. Sikuwahi kukisema kwa mtu, lakini nilikipenda hata lile vumbi. Bi Mgeni alinitazama sinia likiwa katikati yetu. "Kichwa cha samaki kimekukosea nini leo?" Nikasema sina njaa. Akanigusa shingo kwa mgongo wa mkono wake, kutazama kama nina homa.

Mwisho sikuweza kusema, nikaibeba meza yenyewe. Alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye ungo. Niliikunjua mbele yake, nikashika ile pembe, nikabandua nyota yote. Alitafuta miwani yake, akaivaa, akamtazama chui muda mrefu, ungo ukiwa mapajani. Mvua ilikuwa ikipiga bati na harufu ya mkaa wa kuni mbichi ilijaa kile chumba. Nilisikia jogoo wa jirani, nilisikia redio ng'ambo.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi hakuna aliyeona," akasema. "Funika."

Nikafunika. Stika haikushika vizuri, nikaenda kutafuta gundi kwenye rafu za duka, gundi ya kuuza, na nikaipaka mwenyewe. Nimelifikiria neno lile mara nyingi nikiwa mtu mzima na duka langu dogo la kufuli na bawaba. Siku zile nililiona kuwa ni ubaya. Sasa naliona kama mkono wa mtu aliyeguswa kidonda, unakwenda wenyewe. Alikuwa ameishi na jina lake tu tangu aachike. Watu walivuka barabara wakamfuata yeye, mwanamke, wakamwacha mwanamume mwenye duka kubwa, kwa sababu ya neno lake. Na sasa alijua kwamba lile neno alilitoa kwa kumkasirikia Hemedi, juu ya kitu ambacho hakukijua.

Chande akaja siku ya pili yake, asubuhi, kununua bawaba. Mafundi walikuwepo. Alikuwa na furaha, jambo ambalo si la kawaida kwake, na alizungumza kuliko siku zote. Alikuwa amepata kazi ya nyumba ya wageni, milango ya mninga mtupu, mizito. Akaeleza jinsi atakavyoibana kwenye meza na kuipiga patasi tangu asubuhi hadi magharibi.

"Meza inakwendaje?" fundi mmoja akamuuliza.

"Sijaijaribu kwa kitu kizito. Lakini nina kiapo cha Bi Mgeni, nitaogopa nini?"

Bi Mgeni alikuwa akihesabu bawaba. Nikamwona amezihesabu, akazirudisha, akaanza upya. Akazifunga kwenye gazeti. Chande akazipokea, akaaga, akageuka, na mgongo wake mpana ukawa unashuka ngazi ya baraza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mifuko ya saruji, mahali pangu pa siku zote.

"Fundi," nikasema.

Hakunisikia. Hakuna aliyewahi kusikia sauti yangu pale, kwa hiyo hakuna aliyejua imetoka wapi. Nikatoka nyuma ya mifuko.

"Fundi Chande. Usiweke mlango wa mninga juu yake. Ni ile ile ya Saidi. Pini ni ile ile."

Akasimama. Hakunitazama mimi, alimtazama Bi Mgeni. Mafundi wote walimtazama Bi Mgeni. "Bi Mgeni," Chande akasema, "mtoto anasema nini?"

Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa naziangalia kucha zangu, zina gundi. Kama angesema "Mtoto huyu anaumwa, hajala siku tatu," wangemwamini yeye, na ingekuwa kweli pia kwamba sijala.

"Anasema kweli," Bi Mgeni akasema. "Irudishe meza, nikupe chako."

"Meza ningeipata hata ng'ambo," Chande akasema. "Kwako nilinunua neno." Hakusema kwa ukali. Akaziweka zile bawaba juu ya kizingiti, bado zimefungwa kwenye gazeti, akaenda zake, na mafundi mmoja mmoja wakakumbuka wana shughuli, ingawa kivuli kilikuwa bado kwetu.

Mimi niliingia chumbani nikakunja mkeka. Nilikuwa na kanga nne na sufuria, havikuchukua nafasi. Nikatoka na furushi. Bi Mgeni alikuwa uani, ameketi kwenye kibao cha mbuzi bila nazi mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Pande."

"Nani amekutuma Pande?"

Nikalihamisha furushi kwapa la pili.

"Kama hukutumwa, mchele uko pale haujachambuliwa," akasema. "Na leo ule. Sitaki maiti dukani kwangu juu ya mambo haya mengine."

Tulikula wali na kisamvu. Alipomaliza alinawa, akavaa baibui, akaniambia nibebe meza. Akavuka barabara. Tangu nifike sikuwahi kumwona akiikanyaga ile lami ila kwa kupita pembeni kwenda sokoni. Bwana Hemedi alikuwa nyuma ya kaunta na kikombe cha kahawa, akakiweka chini polepole.

"Karibu," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kupigia kelele barabarani.

Bi Mgeni hakukaa. Akabandua stika, akamwonyesha chui. Bwana Hemedi akainama, akamgusa kwa kidole.

"Umenunua kwa nani?" akauliza.

"Kwa yule yule wangu."

"Mimi kwake sijakanyaga tangu tuachane. Nilikuahidi na nimeshika. Zangu nimezipata kwa kijana mmoja mtaa wa pili."

"Basi huyo kijana naye ananunua kwake."

Bwana Hemedi akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa kukizuia. "Kumbe miaka yote hii tunakula sinia moja!"

Bi Mgeni hakucheka. "Sinia lenyewe limemuumiza Saidi mguu."

"Wewe ndiye uliyeapa," akasema Bwana Hemedi, akaacha kucheka. "Mimi nimeuza tu. Sikuapa."

"Ndiyo. Kwa hiyo nimekuja mimi."

Wakazungumza habari ya pini. Walikubaliana kumwita mchomeleaji atoboe miguu na kutia bolti kwenye meza zote zilizobaki, za huku na za kule, na za wale waliokwisha nunua. Walizungumza dakika chache, kwa maneno makavu, kama watu wanaohamisha kabati. Lakini nilitambua kwamba mmoja alikuwa akimalizia sentensi za mwenzake.

Kilichobaki ni kiapo. Bi Mgeni alimwita maalim wa chuo cha mtaani kwetu, akamkalisha sebuleni chini ya kalenda, akamweleza. Mimi nilikuwa nje ya pazia na birika la chai. Maalim alikuwa mtu wa huruma, akasema kiapo cha mtu asiyejua hakina kafara. "Uliapa kwa ulivyodhani, Mungu hakushiki kwa hilo."

"Sikuwa nadhani, maalim," Bi Mgeni akasema. "Sikuwa najua lolote. Nilitaka iwe hivyo, ndipo nikaapa. Na nilipojua, nikafunika."

Nikasikia kikombe cha maalim kikigusa kisahani. "Basi lisha maskini kumi," akasema.

Na hapo ndipo tulipopata taabu, maana Masoko hakuna aliyekubali kuwa maskini. Nilitumwa kualika. Mzee mmoja mvuvi asiye na jino wala nyavu aliniambia, "Mwambie Bi Mgeni nitakuja, lakini nakuja kama jirani. Hao maskini atafute wengine." Bibi mmoja aliuliza kwanza nani mwingine yumo kwenye orodha ya umaskini, asije akakaa na watu wasio hadhi yake. Siku ya siku walifika wamevaa kanzu zilizopigwa pasi na kanga mpya, wakinukia udi, na Bi Mgeni aliwapikia pilau ya mbuzi kwa mkono wake, hakuniruhusu hata kukoroga. Wakala, wakasifu, wakaomba dua. Yule mzee mvuvi akaongeza mara mbili kwa niaba ya maskini waliokosekana. Kila mtu alijua sababu ya karamu ile, na hakuna aliyeitaja. Bi Mgeni alikaa mlangoni akiwaangalia wanavyokula, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kuambiwa kitu.

Sahani moja aliifunika kwa kawa akanipa nimpelekee Chande. Chande aliipokea kwa heshima, akaniuliza hali. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Utatia hata ndimu mbili. Jioni mtoto wake aliirudisha. Ilikuwa imeoshwa vizuri, inang'aa, na haina kitu. Bi Mgeni aliigeuza akatazama chini yake, kama vile huenda kuna kitu kimebandikwa.

"Ana haki," akasema, akaiweka kabatini.

Chande alinunua bawaba zake ng'ambo mwaka ule wote. Alipopita alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, na akaendelea na njia yake. Nilidhani duka litakufa. Halikufa, lakini lilipungua, na mafundi waliokaa kivulini kwetu asubuhi walikuwa wachache, na walizungumza mambo ya mpira. Nyuma ya kaunta Bi Mgeni alizeeka kidogo, nikamwona. Sikujua kama aliniweka kwa kunipenda au kwa sababu kunifukuza kungekuwa kukiri mara ya pili. Hilo lilinisumbua kuliko kitu kingine chochote. Aliendelea kunisogezea kichwa cha samaki, aliendelea kuniita Saruji, lakini habari ya siku ile hakuigusa, na mimi sikuwa mtu wa kuianza.

Mvua zilipokwisha alikuja mgeni kutoka Rutamba, mtu aliyetaka kufungua karakana. Aliziona meza barazani, akazishika vipini. "Mama," akamwambia Bi Mgeni, "nimeambiwa njiani kuna meza mbili hapa, yako na ile ya jirani. Ipi nzuri? Uniambie kwa kiapo, maana natoka mbali na sina nauli ya kurudi kugombana."

Bi Mgeni alikuwa anapima misumari. Akaacha sahani ya mizani ining'inie.

"Mimi siapi," akasema. "Kama unataka neno la duka hili, muulize yule," na akanyoosha kidole kwenye mifuko ya saruji, kwangu.

Yule mtu akageuka. Mafundi wawili waliokuwepo wakageuka. Nilitoka, na neno langu kama kawaida lilikuwa bado njiani, lakini safari ile walilisubiri wote, na Bi Mgeni akalisubiri pamoja nao, mikono juu ya mizani.

"Ni ile ile," nikasema. "Hii na ya ng'ambo ni meza moja. Pini yake ilikuwa inateleza, ikaumiza mtu. Tumetia bolti. Kwa mbao nyepesi itakufaa. Mlango wa mninga, mimi nisingeuweka."

Yule mtu akanishukuru. Akaitazama meza, akaitazama barabara, akavuka. Nikamwona ng'ambo akiinamia vipini vya njano, na Bwana Hemedi akitoka na mikono yake iliyokunjuliwa. Nikamgeukia Bi Mgeni. Alikuwa ameshaanza kupima misumari tena.

"Sauti yako ndogo," akasema bila kuinua kichwa. "Kesho useme kwa nguvu kidogo, hata wa ng'ambo asikie."